Siku ya Wageni Wodini

Jumapili, tarehe 2 Juni

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila kiuno kimekufa ganzi kwa kuendesha. Wewe hujambo? Na ule mguu uliovimba?

Basi letu lina vituko. Kiti cha mbele yuko mbunge wa chama tawala, nyuma yake wa upinzani. Wametumwa pamoja kusikiliza maoni ya wananchi kuhusu mpango mpya wa afya. Siku ya kwanza hawakusalimiana. Siku ya tatu tumbo likawasumbua wote wawili, wakagawana dawa. Mimi nashika usukani, mdomo nimefunga, masikio wazi.

Jambo lenyewe ni hili: zahanati zenye wagonjwa wachache zitafungwa. Alhamisi tunafika kwenye zahanati yako. Nimefurahi, maana wakikuona unavyohangaika peke yako na kina mama wajawazito waliojazana, hawatathubutu kuigusa.

Mdogo wako, Dereva

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Mdogo wangu,

Umeshindaje? Mguu umepungua. Wewe ndiye umekonda, unakula kweli huko?

Jana mmeondoka mbio mbio, hata chai hamkumaliza. Ila umeonaje? Nilipiga deki siku mbili. Vitanda vyote vinne vilitandikwa mashuka meupe, dirisha nikalisugua mpaka mkono ukauma. Waheshimiwa walinisifu nikakosa pa kuweka uso. Niambie walisemaje garini, usinifiche.

Dada yako

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Dada,

Natumaini u mzima. Leo sina utani.

Kwa mara ya kwanza tangu tuanze safari, wamekubaliana jambo: zahanati yako ifungwe. "Pasafi, nesi hodari, lakini wagonjwa hakuna." Mmoja alisema, mwenzake akaandika. Nusura niliingize basi mtaroni.

Wako wapi wale kina mama wanaolala wawili wawili? Uliwapeleka wapi? Kikao cha mwisho ni Ijumaa ijayo mjini, na kila mwananchi ataruhusiwa kusema. Njoo, dada. Tafadhali.

Mdogo wako

Jumatano, tarehe 12 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Mwili haujambo, moyo ndio haujatulia.

Siwezi kuja. Nikiondoka, nani atabaki na kina mama? Leo wako saba. Kondakta wa basi la asubuhi atakuletea barua hii. Ijumaa usimame uwasomee haya, usiruke neno:

"Waheshimiwa, mimi ndiye nesi wa ile wodi safi. Siku moja kabla hamjafika, niliwarudisha nyumbani kina mama tisa. Niliona haya mkute wamebanana vitandani, na mwingine sakafuni. Nilifanya kama mtu anayetarajia wageni, anaficha nguo chafu chumba cha ndani. Mmoja wao alijifungulia kando ya barabara akijaribu kurudi kwangu, saa ile ile mkinywa chai yangu. Mtoto yu hai. Mama yake hanisemeshi, na ana haki. Daftari la wagonjwa hamkuliomba, nami sikuwapa. Kama lazima mtu afukuzwe, nifukuzeni mimi. Zahanati iacheni."

Yao yameishia hapo. Yako ni haya: najua itakuuma kunisema mbele ya watu. Hata mimi naogopa. Sauti ikikukwama, kunywa maji, kisha endelea.

Dada yako