Mifuko ya Uzi wa Kijani

Jumapili, 2 Machi

Kwako kifungua mimba wangu,

Pokea salamu nyingi, wewe, mumeo na huyo mjukuu wangu mwenye mashavu. Mimi mama yako ni mzima, ila goti la kushoto ndilo linajifanya zee kuliko mwenyewe. Hofu ni kwenu. Mnakula? Mtoto ameota jino? Simu yangu tangu itumbukie kwenye beseni inakoroma tu, kwa hiyo nampa dereva wa lori barua hii. Na barua ni nzuri, haikatiki katikati.

Mwanangu, huku mambo si mambo. Tangu kiwanda kifungwe mtaa umenyamaza. Zamani alfajiri ulisikia viatu vya watu wa zamu. Siku hizi unasikia mlango unafunguliwa, halafu unafungwa, na mtu hajatoka.

Wale watu wa kujitolea wanaokusanya chakula bado wanahangaika. Kiongozi wao ni yule mstaafu wa reli, tunamwita Kengele, maana hupita na kengele ya mkononi. Ukiisikia unaweka mlangoni ulichojaliwa, unga, maharage, hata chumvi. Vyote vinapelekwa karakana ya seremala. Maharage ya watu wote yanamwagwa kwenye turubai moja, yanachanganywa, yanapimwa kwa kopo, yanatiwa kwenye mifuko ya kitambaa. Sasa niulize nani anawapikia chai hao wabebaji. Niulize nani anashona midomo ya mifuko isimwagike njiani. Mama yako! Kengele alisema mbele ya umati, "Bila mama huyu tungekuwa chini zamani." Sikumtuma aseme. Alisema mwenyewe.

Lakini nikuambie linaloninyima usingizi. Jumamosi iliyopita mifuko iliisha na watu bado wako kwenye foleni. Hawakupiga kelele. Heri wangepiga kelele. Walisimama wanatutazama mikono, mpaka nikaificha yangu chini ya aproni kama mwizi.

Ndipo nikaanza kutoa cha kwangu. Na changu sikimwagi kwenye turubai, thubutu! Maharage yangu nayachambua moja moja, yakachanganyike na ya mtu yenye mawe kwa nini? Natia kwenye mifuko yangu, nashona kwa uzi wa kijani, na ile mingine yote kwa uzi mweupe. Mtu akila ajue amekula cha nani. Mmoja ulimwangukia Fundi Cherehani, yule shoga yangu aliyekushonea gauni la harusi. Alikuwa akishona sare za kiwanda, siku hizi cherehani yake imelala na shuka juu. Hakusema hata asante! Nilimkuta bombani, nikamwuliza watu wakisikia, "Fundi, yale maharage yaliiva?" Akajitwika ndoo ikiwa nusu, akaondoka. Watu bwana.

Mbusu mashavu yote mawili.

Mama yako akupendaye

Jumapili, 9 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Barua nimeipata na tumecheka kuhusu goti. Sisi hatujambo. Jino limetoka, na cha kwanza kung'atwa ni kidole cha baba yake. Mimi bado niko kwenye duka la pembejeo, nauza mbegu na dawa za mimea, nikirudi nanawa mpaka viwikoni kabla sijambeba mtoto.

Mama, usinikasirikie. Nilipofika kwenye uzi wa kijani nilicheka, lakini nilipofika bombani nikaacha kucheka. Unakumbuka baba alipofariki? Tulikuwa tunafungua mlango asubuhi tunakuta unga kwenye ngazi. Hatukujua ni wa nani, mpaka leo. Ulikuwa ukiubeba unasema, "Mungu ambariki asiyejulikana." Ungeubeba vile kama ungekuwa na uzi wa mtu?

Ndiyo maana Kengele na wenzake wanamwaga vyote kwenye turubai moja. Anayepokea asidaiwe na mtu hata kwa macho. Fundi ana wajukuu wawili, na sasa hata bombani anaogopa kwenda. Nakuomba, mama, mwaga ya kwako pamoja na ya wenzako. Na uzi huo shonea kingine.

Naogopa pia unavyojichosha. Kaa chini, mama. Chai hata wao wanajua kuipika.

Mwanao

Alhamisi, 20 Machi

Mwanangu mwalimu wa mama yake,

Salamu. Mimi mzima wa afya, ila viganja vinaniwasha tangu juzi, nadhani ni sabuni mpya. Hongera ya jino.

Barua yako niliisoma, nikanuna siku nzima, nikaisoma tena. Haya. Umesema na mimi nimesikia. Safari hii nitamwaga kwenye turubai kama walivyo wenzangu. Umefurahi? Uchungu wa kuzaa mtoto mwenye akili ni huo, anakuja kukukosoa kwa kalamu uliyomnunulia mwenyewe.

Sasa sikia habari ya mama yako. Kengele juzi alikaa kwenye benchi ya seremala akashika kichwa. Karakana ilikuwa tupu, na Jumamosi ni keshokutwa. Wale wabebaji wakawa wanatazamana, na mmoja akasema tusifungue mlango kabisa, tujifiche ndani. Mimi nikasema, "Niachieni."

Nikaenda kwa ndugu wa yule mkulima aliyehamia kwa watoto wake. Walikuwa wanasafisha stoo yake, kuna gunia la maharage wanataka kulitupa! Gunia la kawaida, halina maandishi wala nini. Maharage makubwa, mazima, ila yana wekundu fulani kama yamepakwa rangi ya kucha. Wao wakaona yameharibika. Mimi nikaona watu wa kuosha hawapo. Nimeyaosha mpaka maji yakaacha kuwa mekundu, nikayaanika uani, na sasa yanang'aa, ukiyaona utadhani yametoka shambani leo. Yaliyovunjika niliwarushia kuku wa jirani. Kengele alipoyaona machozi yalimlenga. Nikamwambia, "Futa machozi, mzee, shika mfuko."

Huku kwetu kuna ugonjwa wa kuku, bahati mbaya. Wa jirani wote wamekutwa chali leo asubuhi, hata jogoo. Anasema ni kideri. Masikini, nimempelekea chai.

Dereva anapiga honi, naishia hapa.

Mama yako, gunia zima!

Jumamosi, 22 Machi
Ujumbe kwenye simu ya Kengele

Mzee Kengele, shikamoo. Ni mimi binti wa mama anayewapikia chai. Nimepiga hupokei. Barua yake nimeipata sasa hivi kwa dereva. Tafadhali mtafute popote alipo, umsomee hivi:

Mama, yale maharage si ya kula. Ni mbegu. Yametiwa dawa ya kuua wadudu. Ule wekundu unawekwa makusudi ili mtu asile, na ulipoosha uliondoa alama, hukuondoa sumu. Kuku hawakufa kwa kideri. Mtu yeyote asiyaweke mdomoni. Niambie yako wapi.

Mwanao

Jumamosi, 22 Machi

Mzee, nakusihi, pokea simu.

Mwanao

Jumamosi, 22 Machi

Ni mama. Kengele anaandika, mimi nasema. Tumegawa asubuhi. Hakuna hata mfuko mmoja uliobaki. Mwanangu, nimefanya nini? Nimefanya nini mimi?

Mama yako

Jumamosi, 22 Machi

Mama, usilie kwanza, nijibu. Uliyamwaga kwenye turubai kama ulivyoniahidi? Kama uliyachanganya na ya wengine, yameingia kila nyumba na hakuna wa kujua ni yapi. Naomba Mungu uwe hukunisikia. Sema ulinidanganya, mama. Nakuomba, sema ulinidanganya.

Mwanao

Jumamosi, 22 Machi

Nilikudanganya. Mifuko ya gunia lile yote ina uzi wa kijani, ya wenzangu mweupe. Tunatoka.

Mama yako

Jumapili, 23 Machi

Mama, kumekucha. Simu ya mzee haipatikani. Wale wanaogawiwa wanapika saa ngapi? Mchana? Jioni? Nimekaa na mtoto mapajani, kila akifungua mdomo nashtuka. Nitumie hata neno moja.

Mwanao

Jumapili, 23 Machi

Mzee Kengele, kama kuna aliyekufa niambie. Usinifiche kwa sababu ni mama yangu. Kama ni mama mwenyewe, niambie pia.

Mwana wa mama wa chai

Jumatatu, 24 Machi

Mwanangu,

Hajafa mtu. Nimetanguliza hilo, salamu zitafuata. Simu ya Kengele iliisha chaji tukiwa njiani, na umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima mpaka leo. Ulivyolala unajua mwenyewe, nisamehe. Hamjambo? Mimi sijui kama ni mzima. Nasimama, basi.

Tulitoka mbio, mimi, Kengele na wabebaji. Kengele akapiga kengele yake njia nzima, na hilo ndilo lilikuwa kosa letu, kwa maana watu wamezoea kengele ni heri. Wengine walifungua milango wanatabasamu, wengine walianza kutoa vikopo vya unga waweke mlangoni. Sisi tunapiga kelele, "Uzi wa kijani! Mwenye uzi wa kijani asipike!" Walidhani tumerukwa na akili. Mmoja akasema, "Mama, leo umeamua kudai vyako?" Nikauchukua mfuko, nikakimbilia mlango wa pili.

Kwa mfyatua matofali tulikuta sufuria jikoni, linatokota. Mke wake ameshika upawa. Nilikumbatia sufuria lile kwa aproni yangu nikalimwaga uani, na watoto wake wakalia, mwanangu, walivyolia! Nimewahi kusikia watoto wakililia chakula, lakini sijawahi kuwa mimi niliyekimwaga. Kengele akabaki nyuma kuchota udongo afukie. Nyumba nyingine tukakuta yameloweshwa tu, nyingine wanasubiri kuni. Uzi ule ulionekana kutoka mlangoni, hatukuhangaika kuuliza. Tulinyoosha kidole tu.

Ukabaki mfuko mmoja. Nilikuwa najua uko kwa nani, kwa sababu ni mimi niliyemkabidhi, na nilimkabidhi huku nikitabasamu. Kwa Fundi.

Mlango umefungwa kwa ndani. Moshi hakuna. Nikagonga. "Fundi!" Nikagonga tena kwa ngumi. "Fundi, shoga yangu, fungua, ni mimi!"

Sauti ikatoka ndani, taratibu: "Najua ni wewe. Umekuja kuuliza kama yameiva?"

Mwanangu, nilishikilia kizingiti. Kwa maana hilo ndilo swali nililokuja nalo. Sikuwa na jingine duniani. Nikasema, "Ndiyo, Fundi. Nakuuliza. Yaliiva?"

Nadhani sauti yangu aliisikia si ile ya bombani. Komeo likalia. Nikaingia, na kitu cha kwanza nilichokiona ni wale wajukuu wawili, wamelala mkekani jua likiwaka, midomo wazi. Nilitambaa, mimi mama yako, nikamshika mdogo mguu. Ulikuwa wa moto.

Fundi akasema, "Usiwaamshe. Wakiamka wataomba chakula."

Akanionyesha ukutani. Mfuko unaning'inia kwenye msumari wa mkanda wa kupimia, uzi haujaguswa. "Nilipouona uzi wako," akasema, "nikasema heri tunywe maji. Nilitaka kukurudishia kesho, mbele ya watu wote, na wewe uone inavyokuwa."

Nikamwambia kilichokuwa ndani. Akakaa kwenye kiti cha cherehani yake. Baadaye akanisaidia kuinuka, kwa sababu peke yangu nilishindwa.

Kwa hiyo majivuno yangu yaliokoa watu, ukitaka kuyasifu. Lakini nimeyapima, mwanangu, na mizani inagoma. Uzi ulitusaidia kuipata ile mingine. Huu mmoja uliokolewa na chuki, na chuki hiyo niliishona mimi, na watoto wawili walilala njaa mchana kweupe kwa ajili yake.

Nimesimama karakanani jana nikawaambia wote, ni mimi, gunia langu, nilijifanya najua. Kengele akasema na yeye aliliona akakaa kimya kwa sababu ya foleni, aliogopa foleni kuliko maharage. Bwana shamba amekuja kuyachukua yaliyobaki, hata yaliyofukiwa ameyafukua. Tangu sasa hakiingii kitu bila kujua kimetoka wapi, na chote kinamwagwa mezani mchana, watu wakitazama. Kuku wa jirani nitamlipa kwa kuku, jogoo kwa jogoo. Fundi ndiye anashona mifuko, uzi mweupe, na mishono yake, naumia kusema, ni mizuri kuliko yangu. Bado hanisalimii sana. Ananiambia, "Sogeza taa."

Bado naogopa. Nikisikia mtoto anakohoa mtaani natoka nje. Viganja vimepoa.

Leo alfajiri nimepeleka unga na sukari kwenye ngazi ya Fundi. Sikubisha hodi. Sikufunga uzi wa rangi yoyote. Nimerudi nyumbani nikichechemea, na nilimsikia kwa mbali akifungua mlango, halafu akasema jambo. Sikulisikia, lakini nalijua.

Hakuna anayejua ni mimi. Hakuna hata mmoja! Nakuambia wewe tu, kwa sababu nisipomwambia mtu nitapasuka. Ukimwambia mumeo, mimi si mama yako.

Asiyejulikana,
Mama yako