Kitabu Nimekishonea Ndani ya Mto

Kwako Shangazi wa gazeti,

Salamu nyingi zikufikie hapo unapokaa kusoma shida zetu. Sisi nyumbani hatujambo kiasi. Baba watoto hajambo, mgongo umempa nafuu amerudi kwenye lori lake, mama mkwe hajambo ila sikio moja limegoma kabisa, kitinda mimba hajambo, ameng'oka jino la mbele sasa akiongea anapiga mluzi, na binti yangu mkubwa, huyo ndiye aliyenifanya nishike kalamu, kwa mwili hajambo, lakini hanisemeshi.

Shangazi yangu, nisaidie, nina wivu, na wala si wivu wa mume, ningejua pa kuanzia, ni wivu wa mwalimu wa binti yangu. Mimi nashona mito na kuijaza sufi, mtaani wananiita Mama Mito, shule niliiacha mapema, kusoma nasoma lakini polepole mpaka chai inapoa. Binti yangu yuko kidato cha mwisho na wanasoma riwaya moja ya zamani, ya jumba kubwa la mawe huko nchi za baridi, ndani yake anakaa mama mjane na binti yake wa pekee, na yule mama anamfungia binti mlango kwa ufunguo kwa kuogopa ataondoka amwache. Basi jioni mimi najaza sufi, yeye ananisomea kwa sauti, na ikifika pa kutisha tunashikana mikono na sufi zetu, Shangazi sijawahi kuwa na raha kama ile.

Halafu akaja huyo mwalimu wa fasihi, mwanamke kijana, hana mtoto, anatembea kama sakafu ni yake. Ikawa mwalimu kasema hivi, mwalimu hanywi chai na sukari, mwalimu anafunga nywele nyuma, na mwanangu naye nywele nyuma, sukari hataki. Jumamosi anakwenda kwa mwalimu kujisomea, anarudi anacheka peke yake, nikimuuliza unacheka nini anasema, "Aa mama, ni mambo ya kitabu tu." Mambo ya kitabu! Kitabu si chetu wote?

Sasa shule ikaita wazazi tukaone watoto wanavyofundishwa. Nimekwenda na gauni langu la heshima. Siku hiyo mwalimu alikuwa anawapima kama wameuelewa mwisho wa riwaya, na hawapimi kwa kuandika, anaweka kiti mbele, mwanafunzi anakaa anakuwa mtu wa kwenye kitabu, wenzake wanamuuliza maswali. Akasema, "Leo hata marehemu watajibu." Mwanangu akakaa kitini, akawa yule mama wa jumba. Mwenzake akamuuliza, "Mama, jumba lilipowaka moto ufunguo ulikuwa kiunoni mwako. Mbona hukumfungulia binti yako?" Mwanangu akajibu, "Niliogopa akitoka hatarudi. Nikachelewa, tukafa wote."

Shangazi, nikasimama. Sijui nani aliniinua. Nikasema kwa sauti, "Si kweli! Alimfungulia, wakatoka wote wawili wakapanda gari la farasi!" Maana ndivyo alivyonisomea mwenyewe. Darasa zima likacheka, kuna mmoja akasema, "Huyo mama ana sufi kichwani," na kweli nilikuwa nayo. Mwalimu akaniambia taratibu, "Keti mama, pengine tumesoma vitabu tofauti." Mwanangu akatazama viatu vyake.

Nyumbani nikamuuliza, mbona mimi hukunisomea hivyo? Akasema, "Mama, ulishaanza kulia kabla hatujafika. Nikaona nikugeuzie." Nikamwambia na mwalimu wako hukumgeuzia? Akasema, "Mwalimu ananipima, mama, yeye hageuziwi." Hapo ndipo moyo ulipowaka. Mwalimu anapewa ukweli, mimi nabembelezwa kama kitinda mimba! Nikampiga marufuku Jumamosi, na kitabu nikakichukua nikakitia ndani ya mto nikashona. Ameshakitafuta nyumba nzima. Mtihani mkubwa uko mlangoni, na mto wenyewe kwa haraka zangu nimempa mama mkwe, kila asubuhi analalamika shingo, anasema, "Mkwe wangu, siku hizi unajaza mawe?"

Nikikitoa nitaonekana nimeshindwa na yule mwalimu. Nisipokitoa mtoto atafeli. Nifanye nini? Nijibu upesi kabla Jumamosi haijafika, na kama gazeti limejaa nitumie hata neno moja.

Ni mimi, Mama Mito.

SHANGAZI ANAJIBU

Mama Mito, nimecheka, nimekuonea huruma, sasa kaa nikugombeze.

Umekisikiliza kitabu kizima na bado hujajiona ndani yake? Umemkataza binti kutoka, umeficha anachokihitaji, na wewe ndiye unayejua kilipo. Mwanao alipojibu pale kitini, unadhani alifundishwa na mwalimu peke yake? Mtoto anaishi na wewe, mama.

Kukudanganya mwisho wa hadithi amekosea, na umwambie. Mtu mzima asomewe kilichoandikwa. Lakini hebu fikiri. Mwalimu amepewa mwisho uliomo kwenye kitabu, ule ambao darasa zima wanao. Wewe umepewa mwisho ambao haumo kokote, mtoto kautunga huku anatazama machozi yako, ili wewe na yeye mtoke salama kwenye moto. Na bado unamwonea wivu mwalimu? Angejua, yeye ndiye angekuonea wewe.

Kuchekwa kunauma, silikatai hilo. Watoto wale walishakusahau kabla kengele haijalia. Wewe ndiye uliyewabeba mpaka nyumbani.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma gazeti hili, mwombe radhi mama mkwe, kwenye sikio linalosikia, umpe mto mwingine. Chukua mkasi ufumue ule, mbele ya binti yako, akuone. Usitoe hotuba. Mpe kitabu, kaa kwenye sufi zako, umwambie, "Nisomee mwisho, na usinigeuzie." Ukilia, lia, mito ya kulilia unayo tele. Akimaliza, muulize swali lile aliloulizwa darasani, na safari hii usisimame. Keti usikie jibu lake lote.

Jumamosi mfungulie mlango mwenyewe. Mpe na mto ampelekee mwalimu, wenye sufi tupu ndani yake, nakujua. Kisha rudi kwenye kazi yako, umsubiri. Atarudi, na jioni atakusimulia walichochekea.