Mpaka Kiganja Kisionekane

Jumatatu, 3 Oktoba 1966

Maji yameshika rangi! Kijani kibichi, alhamdulillahi. Bwana Kitsao wa idara ya samaki alituambia: gunia la mavi ya mbuzi lining'inizwe pembeni mwa bwawa, maji yaote chakula cha samaki. Kisha utie mkono mpaka kiwiko. Usipokiona kiganja, perege wako wanashiba. Leo nimetia — kiganja hakipo! Nikacheka peke yangu kama mwehu.

Kitsao anarudi Jumamosi ya tarehe 15. Akiridhika, wenzangu saba watapewa vifaranga vya samaki, kila mwanamke na bwawa lake. La sivyo vitakwenda kwa wanaume, nao tayari wanatucheka.

Alhamisi, 6 Oktoba

Mavyaa amekuja kutoka Msambweni kukaa nasi. Mama yake Iddi, mume wangu — mwanamke ambaye hata mtungi wake wa maji hufukizwa ubani. Kaliona bwawa, kashika pua. Kwani nyumba hii haina wenyewe? akauliza. Nikamweleza yote ya Kitsao, mwanzo hadi mwisho. Akasema haya. Hiyo "haya" sikuipenda.

Ijumaa, 7 Oktoba

Ole wangu! Narudi kutoka sokoni Ukunda, maji meupe pe! Chini kwaonekana, hata kijiko nilichokipoteza mwezi wa nane. Mavyaa kasimama ukingoni, anameremeta.

"Sasa haya ndiyo maji, mwanangu. Hata udhu watia!"

Katia shabu, ile ya kutuliza tope mtungini — mawe yote aliyoyakuta dukani kwa Mwinyihaji. Perege wako juu, wanatweta. Nililia. Mavyaa hagombezwi, basi nililia tu. Iddi kakimbilia nyuma ya jiko kuficha kicheko, hana haya yule.

Mavyaa akachota maji kwa kiganja, akaonja. Yana ukakasi, akasema polepole. Kisha akauliza kama amewaua.

Jumamosi, 8 Oktoba

Mkosaji ndiye msimamizi! Alfajiri katukusanya wanawake wote wanane, madebe kichwani, maji mapya kutoka kijitoni. Kitsao alishasema chokaa huondoa ukali wa maji. Ipo iliyobaki tulipopaka nyumba. Mavyaa kainyunyiza konzi kwa konzi, akionja, mpaka ukakasi ukaisha. Gunia jipya la mavi kalifunga yeye — bila kushika pua!

Perege watatu wamekufa. Kawazika kwenye mibiringani, kwa heshima zote.

Jumatano, 12 Oktoba

Jua kali. Rangi hakuna. Kiganja chaonekana, na mistari yake yote.

Jumamosi, 15 Oktoba

Kitsao keshafika, yuko ukumbini na chai. Naandika chumbani. Jana maji yalikuwa na ukijani kidogo. Leo sijathubutu kutazama.

Dirishani namwona Mavyaa. Kavua bangili, kapiga magoti ukingoni, mkono majini mpaka kiwiko. Wenzangu saba wamemzunguka.

"Waridi!" ananiita. "Njoo utie wako wewe! Mimi kiganja changu sikioni, lakini macho haya ya kizee si shahidi!"

Kitsao kaweka kikombe chini, anatoka. Nakunja mkono wa gauni —