Nilivyomtafsiria Bibi Okimaw

Saskatoon,
19 Novemba

Dada yangu Bernadette,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na wote waliomo humo ndani. Mama anaendeleaje na kikohozi chake? Na shemeji Alphonse, mguu umepona, au bado anajikaza ili asionekane mzee? Ziwa limeshaganda? Nakuomba usikubali mtu akuvushe na gari kabla barafu haijapimwa. Sisi huku tupo. Nelson anakwenda kazini, na mwanetu Tansy yuko mwaka wa mwisho wa shule, kanipita kimo. Mimi mwili hauna homa wala maumivu, ila usingizi umenihama na chakula hakipiti. Nina woga, dada. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kwa kunisifu, nami ningekuachia unisifu.

Nimesikia kwamba habari za yule bibi niliyemsaidia hospitali umezisimulia kanisani, na Mama akawagawia watu samaki wa moshi kwa furaha. Naomba usisimulie tena mpaka umalize kusoma.

Unajua nilivyohangaika hapa mjini. Nilikuwa na miaka arobaini nilipokaa darasani na vijana kumaliza masomo ya sekondari, ili tu nipate kazi ya usafi yenye mkataba. Kile ambacho sikuwahi kukuambia ni jinsi nilivyojaza fomu ya kazi. Palipoulizwa lugha, niliandika Kiingereza peke yake. Palipoulizwa asili yangu, niliruka. Jina la ukoo la Nelson, mume wangu, ni Pacheco, na mimi nina nywele nyeusi, basi wenzangu wakaamua kuwa mimi ni Mreno kama yeye, nami nikawaacha na Ureno wao. Nilikuwa na sababu. Pale nilipofanya kazi zamani, jikoni kwenye nyumba ya wazee, nilikuwa mtu kama watu mpaka siku msimamizi aliponisikia nikiongea na Mama kwa simu kwa Kikrii, lugha yetu sisi wenyeji wa asili wa nchi hii. Kuanzia wiki ile, kila kilichopotea kilitafutwa kwenye mkoba wangu. Hakikupatikana hata kijiko, lakini mkataba ulipoisha hawakuniita tena. Nikaapa kwamba mlango wa kazini nitauingia nikiwa nimeufunga mdomo huo.

Jumatatu, wiki tatu zilizopita, aliletwa kwa ndege mama mzee kutoka kaskazini, Harriet Okimaw, mwenye kidonda cha mguu na homa kali. Alikuja peke yake, kwa sababu hali ya hewa iliizuia ndege ya binti yake, na karatasi zake za matibabu nazo zilibaki huko. Kiingereza alikuwa na maneno ya kuombea chai tu. Mwenzangu Glenda, tuliyekuwa tukideki naye wodi ile, alimsikia akibwabwaja kwa homa akasema huyo bado ana pombe za jana. Nikacheka, dada. Nilicheka ili tusiwe wawili tunaotazamwa.

Daktari wa zamu alikuwa kijana mwenye ndevu za kuhesabika. Alipotoka, yule bibi alimwambia mto wake kwa Kikrii, "Huyu kifaranga cha bata amekuja kunitibu na manyoya hayajamkauka." Kilinitoka kicheko kabla sijakiwahi. Nikajifanya nakohoa, nikainamia ndoo. Nilipoinua uso alikuwa ananitazama, wala hakuwa anacheka.

Adhuhuri nesi Kirsten alipita akiuliza kama kuna yeyote anayejua lugha ya mama yule, maana mkalimani wa simu hapatikani. Glenda akanijibia kwamba mimi ni Mreno. Kirsten akanigeukia hata hivyo, pengine kwa kuwa alikuwa mtu wa kuuliza mara mbili. Nikamwambia sijui hata neno moja.

Kesho yake ndiyo ile niliyokusimulia. Muda mfupi baada ya kuchomwa sindano ya dawa, kengele ililia chumbani kwake, manesi wakakimbia, koo la bibi lilikuwa limevimba na hewa haipiti. Walimpa dawa ya kuzima ule uvimbe, wakampa hewa, lakini alipozinduka alipigana nao, akawa anang'oa kila walichombandika, na nguvu zake zilikuwa zinaisha. Hapo nikaingia. Nikamshika mkono nikamwita nohkom, yaani bibi yangu, nikamwambia kwa lugha yetu kwamba hiyo barakoa inamletea hewa, atulie avute. Akatulia. Nesi Kirsten alilia. Hayo yote ni kweli, dada, na ndiyo uliyoyasimulia kanisani.

Baada ya hapo nikawa mtu mkubwa. Msimamizi wetu, Bwana Dueck, alinipa mkono mbele ya wote. Aliniuliza mbona sikusema tangu Jumatatu, nikamjibu kwamba najua kidogo tu na niliona haya. Akasema haya ni jambo la kawaida, akaniahidi kuniandikia nafasi kwenye mafunzo ya ukalimani. Akaniuliza pia kama nilikuwa karibu bibi alipochomwa sindano. Nikasema nilikuwa ghorofa ya chini, nadeki. Glenda naye akaanza kuninong'onezea kwamba eti hata yeye ana bibi mzaa bibi mwenye damu hiyo. Nilikuwa natabasamu tu.

Ndipo binti yake bibi alipofika na kudai ajue kilichotokea, na hospitali ikaitisha kikao Alhamisi iliyopita. Walitaka kumsikia bibi mwenyewe. Binti alilelewa mbali na mama yake na Kikrii chake ni cha salamu. Bwana Dueck akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba bibi amekataa mkalimani wa simu. Amenitaka mimi.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Jumanne ile sikuwa ghorofa ya chini. Nilikuwa mlangoni pa chumba chake na ndoo yangu wakati Kirsten anaingia na sindano. Bibi aliiona akaurudisha mkono. Alisema, "Si hiyo. Hiyo ilinifunga koo mwaka ule nilipojifungua mwanangu wa mwisho." Wao wakadhani anaogopa kuchomwa, wakambembeleza, mmoja akamshika bega. Naye akawaacha, akanitazama mimi juu ya mabega yao.

"Mwanangu, unanielewa. Waambie."

Nililielewa kila neno, Bernadette. Nilimwona Glenda yuko nyuma yangu, nikauona mkoba wangu wa zamani umemwagwa juu ya meza, nikajiambia wao ni wasomi, wanajua wanachofanya. Nikageuza ndoo nikaondoka. Nilikuwa nimefika kwenye chumba cha mifagio kengele ilipolia. Nilisimama humo gizani, nikasikia viatu vinapita mbio, na nilikaa humo muda ambao mpaka leo siwezi kuupima. Ndipo nikatoka nikaenda kumwita nohkom.

Kwenye kikao tulikuwa sita. Nilikaa karibu na bibi, mikono yangu nimeiweka chini ya mapaja isionekane. Usiniulize nilikuwa nawaza nini, kwa maana nitakuambia ukweli: nilikuwa nahesabu kwamba chumba kizima kina watu wawili tu wanaojua Kikrii, na mmoja hana Kiingereza. Nikitaka, kitakachosemwa kitaishia kwangu.

Bibi alieleza taratibu, akisimama kila baada ya maneno machache aniachie nafasi. Nilitafsiri safari ya ndege. Nilitafsiri homa, na kidonda, na jinsi alivyourudisha mkono. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, "Mlangoni alisimama mwanamke mwenye ndoo. Nilimwambia awaambie. Alinielewa, akaenda zake." Akaningoja.

Walikuwa wananitazama wote, kalamu juu. Nikasema kwa Kiingereza kwamba mama anasema mlangoni palikuwa na mwanamke wa usafi, kwamba alimwomba awaambie dawa ile inamdhuru, na kwamba mwanamke yule alielewa akaondoka. Kisha nikasema, "Mwanamke huyo ni mimi."

Bwana Dueck aliacha kuandika. Binti yake bibi alisimama, kiti kikaanguka nyuma yake, akatamka neno nisilotaka kuliandika, na nilistahili. Bibi peke yake hakubadilika. Aliniuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia, nohkom."

"Haya, endelea. Mimi bado sijamaliza."

Tukaendelea. Akayasema na ya wale waliomshika bega bila kumuuliza, na ya karatasi zilizoachwa, na ya ile kauli ya pombe, ambayo alikuwa ameielewa vizuri kuliko tulivyodhani. Nilitafsiri yote mpaka mwisho. Alipokuwa anatolewa na kiti chake cha magurudumu hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikuomba. Alirudishwa kwao Ijumaa, mguu umeanza kufunga.

Mimi nimesimamishwa kazi mpaka watakapoamua. Nelson anasema tutapata kwingine, lakini naye namwona anaamka anatazama dari. Jana nilimkalisha Tansy nikamweleza kila kitu, na vilevile kwa nini sikumfundisha lugha yetu hata ya kuomba maji. Nilidhani ataondoka. Kisha akauliza pale mlangoni ilitakiwa niseme maneno mangapi. Nikamwambia matatu tu, ile dawa inamdhuru. Akataka ayasikie kwa Kikrii. Nikayasema. Akayarudia, yakamshinda, akayarudia tena, tukakaa pale mezani mpaka chakula kikapoa na ulimi wake ukanyooka.

Msomee Mama barua hii wewe mwenyewe, polepole, na umshike mkono ukifika pale mlangoni. Akikasirika, mwache akasirike. Nisalimie shemeji na watoto wote, na yeyote atakayekubali salamu zangu baada ya haya. Naomba jibu lako, hata likiwa kali.

Ni mimi mdogo wako,
Doreen