Jina Langu Katika Hati ya Thornacott

Jumatatu, 10 Septemba 1838

Leo nimepakuliwa wa kwanza tena. Pai ya nyama, matufaha na malai, kiti kando ya moto. Humphrey mwenyewe, mtoto wa marehemu kaka Digory, ndiye mwenye kuliendesha shamba, lakini anakaa mlangoni kwenye upepo. Heshima hiyo!

Kilabuni Kengele Tatu nimemkuta muuza vitambaa kutoka Exeter. Kaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia: kupumua. Akacheka. Nikamwambia kaa chini, ndugu yangu. Thornacott si yetu, ni ya Bwana Yeolcombe. Ila mwaka 1788 baba yangu alipewa hati: shamba litakuwa la kina Luckham maadamu mmoja wa watu watatu yu hai. Watatu wenyewe ni baba, Digory, na mimi — miaka miwili, nanyonya kidole. Baba kafa. Digory kafa mwaka juzi. Nimebaki mimi. Nikikata roho leo, kesho Humphrey na mkewe Thirza na kichanga chao Keziah wako barabarani na vyungu vyao. Ekari mia na ishirini zimekalia kifua hiki!

Kaninunulia kikombe. Nikamwongezea ile ya radi ya mwaka 1819: ilinipiga utosini, ikatokea kisiginoni, ikaua kondoo sita nyuma yangu. (Kondoo walikuwa wawili. Na radi ilipiga mti. Lakini nilikuwapo.)

Tangu Digory afe wamenikataza farasi, ngazi, mto na shoka. Thirza ananivalisha fulana ya sufu hata mwezi wa saba. Ba'mdogo, funga kifua! Ba'mdogo, miguu imelowa! Nani mwingine wilaya hii anapendwa hivi?

Alhamisi, 13 Septemba

Bwana Pidsley kaja, msimamizi wa Bwana Yeolcombe, na kitabu chake kwapani. Humphrey alishaniambia jana: anataka kujua hali yako, Ba'mdogo, hebu mwonyeshe wewe ni nani. Mimi niambiwe hivyo!

Nimenyanyua pipa la pombe ya matufaha mpaka kifuani. Nimezunguka ua mbio, raundi tatu. Nimevunja kiatu cha farasi kwa mikono — kilishaliwa na kutu, lakini yeye atajuaje? Akanitazama meno kama nyumbu wa mnadani.

"Huyu ana miaka mingapi mbele yake?" akauliza.

"Andika hamsini!" nikasema. "Baba alikufa ana tisini na saba, tena kwa kuanguka toka juu ya mti."

(Themanini na moja. Kitandani.)

Humphrey akacheka kwa furaha, akampiga Pidsley begani. "Umesikia mwenyewe! Basi tusiumizane kwenye bei."

Bei ya nini? Sikuuliza. Nilikuwa nimebana pumzi, kifua mbele.

Ijumaa, 14 Septemba

Mgongo! Siwezi kuinama kufunga viatu. Thirza kanipaka mafuta ya bata bukini. Nimemwambia ni upepo tu.

Jumatano, 19 Septemba

Asubuhi Thirza kaniambia paa la chumba cha maziwa linavuja, Humphrey yuko kwenye ngano, je Ba'mdogo ungepanda kidogo utazame? Mimi! Ngazi! Miaka miwili sijaigusa. Nimepanda kama kindi. Kutoka juu nimeona mnara wa kanisa, nimeona mto, nimepiga mluzi.

Mara namwona Humphrey anakuja mbio kutoka shambani, mweupe kama unga. "Shuka! Shuka polepole, Ba'mdogo! Shika kwa mikono miwili!" Nikashuka. Akaingia jikoni na Thirza. Mimi nanawa kwenye hori la farasi, chini ya dirisha. Limeachwa wazi.

"Umerukwa na akili? Kabla ya sikukuu ya Mikaeli?"

"Si mmeshamalizana na Pidsley?"

"Tumepatana tu, hatujatia sahihi. Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Baada ya hapo apande hata mnara wa kanisa akitaka."

Na Thirza akacheka. Si sana. Kidogo tu — lakini alicheka.

Nikabaki nimenyoosha mikono juu ya maji. Apande hata mnara!

Alhamisi, 20 Septemba

Wote wameenda kuvuna. Nimesema kichwa kinaniuma.

Sanduku la hati liko chini ya ngazi, ufunguo kwenye msumari. Hawajawahi kuuficha — nani atajisumbua kusoma? Basi mimi nilikaa majira mawili ya baridi kwa karani wa kanisa, na kusoma najua, hata kama maandishi ya kisheria ni kwa kidole. Hati ya baba ipo, ngozi ya kondoo, imekuwa njano, muhuri mwekundu. Nipo! *Ambrose, mtoto wa kiume, umri miaka miwili.* Nimelipapasa jina.

Chini yake kuna nyingine. Nyeupe, mpya, haina muhuri bado. Imenichukua mpaka saa sita mchana. Hati ya zamani itarudishwa kwa Bwana Yeolcombe na kufutwa. Mahali pake, watu watatu wapya. *Humphrey Luckham, miaka ishirini na saba. Keziah, binti yake, miezi mitano. Joshua Brimblecombe, miaka tisa* — huyo ni mdogo wake Thirza, yule wa makamasi.

Nimegeuza ngozi. Nyuma hakuna kitu. Nimesoma tena, maana mimi huwa naruka mistari.

Sikuruka.

Sasa naelewa pipa. Mzee akiwa wa kufa leo kesho, mwenye ardhi hubana: mna haraka, lipeni. Mzee akiwa na miaka hamsini mbele yake, mwenye ardhi mwenyewe ndiye anayechoka kungoja, anapokea kidogo. Kila raundi niliyokimbia pale uani ilimpunguzia Humphrey bei ya kunifuta. Na kile kiatu cha farasi! Mjinga mimi.

Jumamosi, 22 Septemba

Kengele Tatu. Gideon Snell wa ng'ambo ya mto naye hati yake imebakiwa na mtu mmoja, shangazi yake, kipofu. Nikamvuta pembeni. Gideon, niweke mimi. Naanza hata Jumatatu.

Hakuweza hata kunong'ona, mbwa yule. "Jamani! Ambrose anataka kupumua kwangu! Bwana wee, mimi natafuta wa meno ya maziwa. Wewe umeshatumika!"

Mama Pascoe mwenye kilabu akadakia: "Mchukue, Gideon! Si unajua radi haimwezi?"

Kicheko mpaka vikombe vikatetemeka. Nami nikacheka, kuliko wote. Nimerudi kwa njia ya chini ili nisikutane na mtu.

Jumatatu, 24 Septemba

Nimemwambia Humphrey. Alikuwa peke yake kwenye kibanda cha kukamulia matufaha.

"Jina langu liko wapi?"

Akaacha kusukuma mti wa kinu. Hakudanganya, hilo nampa. "Ba'mdogo, ukianguka kesho, mwanangu analala wapi?"

"Na mimi nikizeeka nalala wapi?"

"Hapa. Nyumbani. Pengine wapi?"

"Andika."

Akarudi kusukuma. "Pidsley anasema hati si mahali pa mambo ya jikoni."

Mambo ya jikoni! Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia, ungenyanyua lile pipa?"

Nikamwambia: nilikubeba mgongoni ukiwa na miaka minne, una homa, theluji magotini, maili saba mpaka kwa daktari South Molton. Baba yako alilala amelewa. Nilikuvika koti langu.

Akanitazama kwa upole. Upole ule ule wanaonitazama kilabuni. "Ba'mdogo," akasema, "hiyo nayo tuiache leo."

Hiyo ni kweli! Kila hatua! Maili saba na nusu! Hakuna aliyebaki wa kushuhudia — Digory kafa, daktari kafa. Nimebaki mimi, na mimi sisadikiki. Radi wananinunulia kikombe. Theluji hawaitaki.

Alhamisi, 27 Septemba

Thirza kaingia chumbani kwangu na kamba, kapima kutoka dirishani mpaka mlangoni. Anasema anapima tu.

Jumamosi, 29 Septemba, sikukuu ya Mikaeli

Kengele Tatu, ghorofani. Baraza la Bwana Yeolcombe limekaa chumba cha ndani, Pidsley mezani na karani wake. Mimi niko nje ya mlango kwenye benchi, naandika kwa penseli.

Desturi ya hapa ni hii. Mtu wa mwisho aliyemo kwenye hati ya zamani huitwa kwa jina, mara tatu, na hujibu mwenyewe kwa sauti yake. Hata wamwone kwa macho, haitoshi — ajibu. Akijibu, ya zamani inakatwa kwa kisu, mpya inatiwa muhuri. Asipojibu, zote zinarudi sandukuni mpaka Mikaeli ijayo.

Mwaka mmoja. Nisipojibu, nabaki kwenye hati mwaka mzima. Na nikifa katikati yake, wote watatoka pale na vyungu vyao.

Humphrey kanipigia koti brashi kwa mkono wake asubuhi. Kanifunga kitambaa cha shingo. Kafunga mara mbili. Gideon Snell yupo, ananikonyeza. Mama Pascoe kaleta bia, nimeikataa. Kaniuliza kama naumwa.

Thirza kaniwekea Keziah mapajani. Mshike kidogo, Ba'mdogo, nipange foleni. Mzito huyu! Miezi mitano tu. Kavaa fulana ya sufu, mpya, imefungwa mpaka kidevuni. Mistari hii imepinda kwa sababu yake, anagombania mkono.

Wamemaliza wa Snell. Naisikia sauti ya karani.

"Ambrose Luckham wa Thornacott! Yu hai?"

Wote wamenigeukia.

"Ambrose Luckham wa Thornacott!"

Hiyo ya pili. Humphrey katoa kichwa mlangoni. Anasema kwa midomo tu, bila sauti: Ba'mdogo, tafadhali. Keziah kaikamata penseli, anaivuta, ana nguvu huyu, haiachi