Pampu ya Bei Rahisi

Boito, Jumapili

Kipng'eno mwanangu,

Unaendeleaje huko Mombasa? Huku majani chai yamechipua vizuri, na ndama wako sasa ana pembe.

Unakumbuka ile pampu ya maji ya bei rahisi uliyoinunulia pikapu, baba yako akasema ni feki na kwamba pesa iliyobaki umekula, ukaondoka na hasira? Juzi alinunua nyingine ya jina kubwa, bei mara tatu, ibadilishwe. Fundi akaitoa yako, akaziweka pamoja mezani. Chuma kilekile, namba ileile, kiwanda kilekile. Boksi tu ndiyo tofauti.

Baba yako akairudisha ile mpya kwenye boksi, akamwambia fundi, "Hii nitarudisha dukani. Funga ile ya kijana wangu."

Hakuwa amekuita "kijana wangu" tangu uende. Kibuyu chako cha mursik, yale maziwa ya mgando unayopenda, nimekijaza; kinakungoja nyumbani.

Mama yako,
Rebeccah