Kunyamazisha Konkaseri

Jumatatu, 4 Machi 1957

Tumerudi kutoka Kasaji. Maharagwe na unga wa mihogo, magunia yote mazima. Tuliopondeka ni sisi. Penye nia pana njia, wanasema. Kati ya Kasaji na hapa Kolwezi pana mashimo tu. Gari limepiga kelele mwanzo hadi mwisho. Milango, bati, injini, kila kitu na sauti yake. Watu wa mtaa wameliita Konkaseri, kama ile mashine ya mgodini inayovunja mawe. Mzungu aliyeniuzia alikuwa na haraka ya kurudi kwao Ulaya. Sasa najua kwa nini.

Mke wangu Kapinga ameshuka macho mekundu, kitambaa amejifunga kichwani. Amekwenda kulala bila kula. Yeye hukaa kiti cha nyuma, maana mbele najaza mizigo mpaka juu.

Jumanne, 5 Machi

Kapinga amesema Pasaka ikipita anapanda treni, anarudi kwao Kasai. "Mi nimechoka, tata." Tata, yaani baba, ndivyo anavyoniita. Nimeogopa. Akienda hatarudi, namjua. Nyumba itabaki kuta na mimi.

Ni gari. Haiwezi kuwa kitu kingine. Tangu Ntumba wetu alipokufa kwa surua, mwezi wa kumi na mbili, mwili wa Kapinga hauna nguvu. Mtoto alikuwa mmoja tu, miaka minne. Matanga tuliyafunga kabla ya Mwaka Mpya. Wazee wa kwetu walitukumbusha: matanga yakifungwa, machozi nayo yamefungwa. Anayelia tena nyumbani anaita kifo kingine. Kapinga hajalia. Mimi pia. Tumejikaza. Kinachomchosha ni bati bovu, na bati linatengenezeka.

Jumatano, 6 Machi

Misa ya Majivu. Padri amesema sisi ni mavumbi. Msimu huu sisi ni matope.

Alhamisi, 7 Machi

Nimeshinda chini ya gari. Nimeng'oa mbao za sakafu, nikapaka lami, juu yake magunia yenye unga wa mbao. Rafiki yangu Kalonji, fundi wa karakana ya mgodini, alisimama kunicheka. "Konkaseri yako inasikika mupaka ku Nzilo." Acheke. Mke wake hajataja treni.

Kapinga alikuja na maji ya kunywa. "Acha tu, tata. Makelele haina neno." Ananionea huruma. Nimeendelea.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelijaribu hadi njia ya Nzilo. Kazi bure. Injini ilipopata moto lami ikayeyuka, ikapanda katikati ya mbao. Kandambili ya Kapinga ikanasa, akashuka na mguu mtupu. Harufu inaumiza kichwa kuliko kelele. Na kelele ziko palepale. Nikalipiga gurudumu teke. Nimeumia kidole. Nimechoka na huu upumbavu, lakini Pasaka haingoji.

Jumatano, 13 Machi

Kalonji ameacha kucheka. Ameniletea mpira mnene wa mkanda wa kubebea mawe. Umechakaa, mgodini walikuwa wameutupa. Kisu hakitaki kuingia. Nimeulaza sakafu nzima, na mara mbili kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na miguu. Milango nimeifungua ndani nikaijaza vipande vya blanketi. Paa pia, blanketi. Mikono imetoka malengelenge. Kapinga amekaa mlangoni anaangalia. Nilidhani atafurahi walau kidogo.

Ijumaa, 15 Machi. Kasaji

Limenyamaza. Siamini. Nilisikia maharagwe yakisuguana ndani ya gunia. Nilisikia mvua ikija kabla haijafika. Nilipiga mluzi njia nzima, mimi mtu mzima.

Kapinga ameteremka amechoka kuliko siku zote. Midomo imekauka. Sokoni leo amekubali bei ya kwanza, yeye ambaye huwatoa wauzaji jasho. Sielewi. Nimefanya kila kitu, na sielewi.

Jumatatu, 18 Machi

Niandike jinsi ilivyokuwa.

Tulikuwa njiani kurudi kutoka Kasaji, tumepita Mutshatsha. Nikasikia sauti nyembamba, kama gurudumu linalotaka mafuta. Nikapunguza mwendo. Sauti haikupungua. Nikazima injini, na sauti ikaendelea. Nikageuka, nikasogeza gunia. Kapinga alikuwa amejaza ncha ya kitenge mdomoni.

Aliitoa, akasema. "Ku nyumba banakataza. Bajirani banasikia. Mu motokari tu njo nilikuwa nalia." Kila safari, kwenda na kurudi. Alikuwa akimwita Ntumba kwa sauti kubwa, nyuma yangu, na mimi na usukani wangu sikusikia kitu. Kasai anataka kwa ajili hiyo tu. Huko mama yake atamwacha alie.

Hakuna mahali pengine alipokuwa napo. Nimepajaza blanketi na mpira. Nimewasha gari, nimeendesha. Nimefika nyumbani nikashusha mizigo peke yangu.

Jumanne, 19 Machi

Sikwenda sokoni. Saa za alasiri nimechukua kisu, nimeingia chini ya gari kuutoa ule mpira. Lilie tu, lipige kelele hata mbinguni. Nilikuwa nimekata ukingo mmoja Kapinga alipochuchumaa karibu na miguu yangu.

"Acha, tata. Nilichoka kulia mi peke."

Nimetoka na matope mgongoni. Yeye alikuwa ameshafungua mlango. Tukaingia wote wawili, kiti cha nyuma, gari limesimama uani palepale. Tukapandisha vioo. Nilidhani ataanza yeye. Nikaanza mimi. Nimelia kwa sauti yote niliyonayo, nimemwita mwanangu mpaka koo ikauma, na Kapinga akaitikia.

Ng'ambo ya ukuta mfupi mama jirani alikuwa anatwanga sombe, majani yake ya mihogo. Hakuinua kichwa.